Ng'ombe Waliolisha Betri

Mama yangu aliyafanyia macho yake matanga, akayaanua, akaendelea na maisha. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe kila nilipomgusia habari za hospitali. "Nimeshalia, nimemaliza. Wewe unataka kunifufulia maiti?" Na mimi, ambaye shuleni niliogopwa na watoto na hata walimu wenzangu, nilinyamaza. Kwa mama yangu mdomo wangu haukufua dafu.

Kijiji chetu kiko upande wa Ushetu, kwenye tumbaku. Wazee wetu walihamia pale na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakawakuta Wasumbwa wenye nchi yao, wakapewa pa kukaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya palepale, nikiishi na mama. Miaka ninayoisema ni ile ya mwanzoni mwa themanini, sabuni tukiipangia foleni, na petroli tukiisikia tu kwa wasafiri kwamba ipo mahali fulani, ukifika hapo unaambiwa iliisha jana.

Macho ya mama yalianza kufifia mwaka aliofariki baba. Hayakuuma. Kila asubuhi alikuwa akilalamika kwamba kuna ukungu, na sisi tukitazama nje hatuuoni. Baba alikuwa ameacha ndama dume mwekundu aliyeanza kumzoesha nira, na mama ndiye aliyemaliza kazi hiyo kwa kumwimbia, maana fimbo hakuipenda. Alimpeleka shambani na kumrudisha mpaka ukungu ukafunga kabisa. Baada ya hapo akabaki kutofautisha mchana na usiku tu, na ng'ombe wote akamkabidhi baba yangu mdogo.

Usidhani alikaa kitini akasubiri kuonewa huruma. Jioni mifugo ikirudi alisimama mlangoni akisikiliza kwato, na hajawahi kukosea. "Mbona yule mwenye ndama hajarudi?" anauliza, na kweli, anatafutwa anapatikana kwenye mtama wa jirani. Mtu akimshika mkono bila kuombwa anaupiga. Nilimpenda, na alinichosha. Siku nyingine nilimwangalia akipapasa chungu kutafuta mfuniko ulio mbele ya vidole vyake, nikatoka nje nikalie nyuma ya ghala, kwa sababu kilio changu angekisikia.

Ndipo likaja gari la macho.

Lilikuja kiangazi, tumbaku ikiwa imeshauzwa, likasimama kando ya darasa la saba. Tulikuwa tumeshaona malori na magari ya wakubwa, lakini lile lilikuwa nyumba. Mgongoni lilibeba chumba chenye mlango na dirisha la pazia. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunjwa ukutani, kabati, karai la kunawia lenye bomba, jiko la mafuta ya taa, na darini taa ndogo iliyofunikwa kioo. Daktari na dereva wake walikuwa wakilala humo, wakipika humo, na siku za mvua, dereva alisema, wakigombana humo. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ndogo mpaka umsogelee. Dereva ndiye aliyekuwa na sauti ya wote wawili.

Dereva yule alikuwa Mzaramo. Asiyejua utani wetu na Wazaramo hawezi kuelewa jinsi mambo yalivyokwenda. Mtani anaweza kukuambia chochote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Hakuwa ameshuka vizuri garini, baba mdogo akamwuliza kama kwao siku hizi wamejifunza kuvaa viatu. Naye akajibu kwamba wamejifunza, ila wamekuja kwa Wasukuma kujifunza kuoga. Watu wakacheka, na kuanzia hapo wawili hao hawakuachana.

Mimi nililipenda gari lile kuliko nilivyopaswa. Kila nikitoka darasani najikuta nimesimama mlangoni pake nikikodoa macho kama mmoja wa wanafunzi wangu. Dereva akanifunulia yote. Chini ya kitanda akanionyesha betri kubwa, nyeusi, ya pili. "Hii ya nyuma ni ya nyumba, Mwalimu," akaniambia. "Ya mbele ni ya gari. Ya nyumba ndiyo inayowasha taa ya daktari, ile ya kumulikia jicho. Hazigombani, maana katikati kuna swichi. Injini ikizunguka, altaneta inatoa umeme, swichi inajifunga yenyewe, zote mbili zinakula sahani moja. Injini ikizima, swichi inaachia, kila mtu na chakula chake."

Nikamwuliza umeme wenyewe unatoka wapi. Akafunua boneti, akanionyesha hiyo altaneta, kidude kisichozidi boga dogo, kimefungwa mkanda kwenye injini. "Ni hiki tu. Kinazungushwa." Nikauliza na ndani kimejazwa nini. "Waya na sumaku. Hakijajazwa kitu. Kinazungushwa, basi." Siku zote nilikuwa nikidhani umeme ni kitu kinachopakiwa mahali kikasafirishwa, mfano wa mafuta. Sasa naambiwa ni mzunguko. Kwamba barabara yote waliyopita, mashimo na vumbi la kutoka Kahama, imekaa chini ya kitanda ikingoja kuwa mwanga. Nilikwenda nyumbani kichwa kikinizunguka.

Baba mdogo alikuwepo, amechuchumaa kando anatafuna kijiti. Dereva alimfupishia kwa namna yake: "Mtani, gari likitembea, betri inakula. Gari likisimama, betri inafunga saumu. Umeelewa au nikuchoree ng'ombe?" Baba mdogo akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Kazi ikaanza. Darasa la saba likaoshwa, meza mbili zikaunganishwa, waya ukapitishwa dirishani kutoka garini mpaka kwenye taa ya daktari, taa yenye shingo ndefu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akiongozwa na mjukuu wake kwa fimbo. Kesho yake akafunguliwa bandeji, akavalishwa miwani minene, akatembea peke yake mpaka nyumbani kwetu, akasimama mbele ya mama. "Shemeji," akamwambia, "una kanga yenye maua ya njano."

Jioni ile mama alikula kidogo, akalala akiwa ameuelekea ukuta. Asubuhi, kabla sijawasha moto, akasema, "Leo nishike mkono." Nikamshika, tukatoka.

Tulikuta watu wamejaa. Habari za miwani ya mzee zilikuwa zimekimbia hadi vijiji vya mbali, na daktari hakujua kumwambia mtu arudi. Mama akapangiwa awe wa mwisho siku ile, kwa sababu jicho lake lilihitaji muda zaidi. Wagonjwa walivyozidi ndivyo taa ilivyozidi kula. Dereva akawa anawasha injini gari likiwa limesimama ili kuilisha betri, na injini nayo inakula petroli. Alikuwa ametegemea kupata nyingine Kahama, akaambiwa yale yale, iliisha jana. Mtu alishatumwa kwa baiskeli kuulizia kwa waliokuwa na matrekta, na haikujulikana angerudi lini. Kabla ya saa sita injini ikakohoa, ikanyamaza. Betri ya nyumba ikachoka. Dereva akaunganisha ile ya mbele kwenye taa, nayo ikaenda kidogo. Mgonjwa aliyekuwa mezani alikuwa anafungwa bandeji pale taa ilipogeuka rangi, ikawa njano, kisha nyekundu, kisha waya tu.

Mama alikuwa benchi la nje, macho yameshatiwa dawa, ameshaoshwa uso. Daktari akatoka, akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa ile sauti yake ndogo kwamba wasubiri petroli, labda kesho, labda keshokutwa. Nikasema mchana huu jua kali namna hii, si atumie dirisha. Akanijibu bila kukasirika kwamba jua halimuliki anapotaka yeye. Linasogea na linaleta kivuli cha mkono wake mwenyewe. Jicho likishafunguliwa haliwezi kuambiwa lingoje.

Mama akasimama.

"Nipeleke nyumbani," akasema. "Hata taa imekata kauli iliponiona. Nilishalia mimi. Nyie ndio mlionitoa matangani."

"Mama, ni petroli tu."

"Kwangu ni petroli. Kwa wenzangu ilikuwepo."

Nilimjua. Akitoka pale amekwenda, na kesho hata petroli ingeletwa kwa pipa angekuwa ameuelekea ukuta. Nilimbembeleza, nikampandishia sauti, nikamwambia kwamba ni mkaidi na amezeeka vibaya. Akatafuta fimbo yake, akaipata, akaanza kwenda peke yake kwenye njia anayoijua kwa miguu. Nilibaki nimesimama na kanga yake mkononi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na uchungu. Alikuwa ameamka akitumaini, kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile, na tumaini hilo lilitaka kumfia mkononi.

Baba mdogo alitoa kijiti mdomoni. "Mtani," akamwambia dereva, "ulisema gari likitembea betri inakula."

"Nilisema."

"Hukusema lazima litembezwe na petroli."

Akaondoka. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Alipoacha kucheka, baba mdogo alikuwa anarudi na jozi mbili za maksai, nira zimefungwa, mnyororo wa plau unaburuzwa nyuma. Yeye alikuwa ameelewa kwamba ni magurudumu ndiyo yanayotengeneza umeme, kama vile magurudumu yanavyozungusha dainamo ya baiskeli. Dereva angeweza kumweleza. Badala yake, kwa kuwa ni mtani na mzaha kama ule haupatikani mara mbili, akafunga mnyororo kwenye ndoano ya mbele, akapanda, akashika usukani kwa heshima zote, akasema, "Haya, endesha, nikawasimulie kwetu."

Maksai wakavuta, na gari likaenda. Lilizunguka nusu ya uwanja wa mpira bila mlio, na watu wakilikimbilia na kupiga makofi. Dereva alikuwa amefungua ufunguo, na mbele yake kulikuwa na kitaa chekundu kilichokuwa kikiwaka kwa unyonge, maana betri ya mbele ilikuwa imebaki na pumzi ya kuwasha hicho tu. Kitaa hicho kikiwaka, altaneta haitoi kitu. Kiliwaka mzunguko mzima.

"Haili," akasema dereva kupitia dirishani. "Mtani, ng'ombe wako wamenipeleka matembezini."

Baba mdogo akawasimamisha, akalizunguka gari, akainama kutazama chini yake. "Hawa hawavuti kitu," akasema. "Naona wanavyotembea. Mtu akipita shambani plau ikiwa imeinuliwa, atazunguka mpaka jioni na hajalima. Shusha plau."

"Hili halina plau."

"Lina kitu umekiinua. Kishushe."

Nilikuwa karibu, nikaona uso wa dereva ukibadilika. Kicheko kilimwisha. Aliutazama mkono wa gia kwa muda, kisha ule mkono wa pili, mfupi, wa gia za kuvukia matope, kisha akamtazama baba mdogo. Hakusema mzaha wowote. Akanieleza mimi, kwa haraka, kana kwamba ndiye niliyeuliza: injini inazungusha magurudumu, hilo kila mtu analijua. Lakini ukiweka gia, magurudumu nayo yanaweza kuizungusha injini, kama tunavyosukuma gari bovu liwake. Na injini ikizunguka, hata ikiwa imekufa, altaneta haijui tofauti. Tofauti pekee ni uzito.

Akaweka gia, akaachia klachi. Maksai wakaondoka, mnyororo ukakaza, gari likagoma kama limeota mizizi. Dereva akashuka, akafunua boneti, akazifungua plagi za injini moja moja akazitia kofiani mwake. Alisema injini yenye plagi inabana pumzi na isiyo na plagi inapumua, basi itakuwa nyepesi. Baba mdogo akapaza sauti kwa majirani. Zikaja jozi nyingine za maksai na minyororo yao, mpaka ule msururu ukanipa kizunguzungu kuutazama. Mbele kabisa, kushoto, alifungwa yule mwekundu wa marehemu baba, sasa amekuwa mzee na ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Wakavuta. Injini ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena, pufu, pufu, pufu, kupitia matundu ya plagi. Hatua chache, na yule mwekundu akasimama. Uwanja ulitutaka kukata kushoto, na kushoto hakutaka. Wakampiga. Akarudi nyuma akawachanganya wenzake, mnyororo ukalegea, pufu ikafa. Baba mdogo akasema ana kiburi, kila siku ni hivyo, kulia anakwenda, kushoto anakataa. Wakampiga tena.

"Nani anampiga huyo?"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameishia kwenye michongoma ya uzio wa shule, amesimama muda wote huo, uso ameugeuzia uwanjani. Nilikimbia kwake.

"Wanavuta nini?" akaniuliza. "Nasikia minyororo ya plau na sisikii udongo."

Nikamweleza, nikihema. Kwamba wanavuta gari. Kwamba ng'ombe wakivuta, injini inazunguka, na injini ikizunguka inatoa umeme wa ile taa, na yule mwekundu amegoma. Nikategemea aseme nimerukwa na akili. Aligeuza sikio uwanjani.

"Taa yangu?"

"Taa yako, mama."

"Anayevuta ni yule wa baba yako?"

"Ndiye."

Akanipa fimbo yake niishike, akaweka mkono wake begani pangu. Hilo hajawahi kulifanya. "Nipeleke mbele yake," akasema. "Upande wa kushoto. Na huyo mwenye fimbo mwambie aitupe."

Daktari alikuwa ametoka mlangoni na koti lake jeupe. Alipoona mgonjwa wake aliyemtia dawa machoni anapelekwa mbele ya msururu wa maksai, aliita kwa sauti ya kwanza kubwa tuliyoisikia kwake. "Bibi, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuileta taa," mama akamjibu, na hakusimama.

Akampapasa yule maksai uso, pua, pembe. Akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa maana, ni ule ule wa kwenda shambani, maneno machache ya Kisukuma ya kumwambia ng'ombe kwamba jua bado, twende. Akageuka akaanza kutembea, mkono mmoja begani pangu na mwingine kwenye nira. Na yule mkaidi akamfuata. Mnyororo ukakaza mpaka nyuma kabisa, pufu ya kwanza ikatoka, ikaja ya pili, zikashikana. Kwenye kona ya goli mama akakata kushoto akiimba, na yeye akakata kushoto, na wote nyuma yake wakakata.

"Imezima," dereva akapaza sauti ndani ya gari.

Watu wakaguna kwa huzuni. Wengine wakashika vichwa, baba mdogo akaapa kwa Kisukuma. Dereva akatoa kichwa dirishani, machozi yanamtiririka kwenye vumbi la mashavu, akasema hapana, nyie, ni ile nyekundu, ile nyekundu ikizima ndiyo betri inakula. Wakaelewa, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Sikuwa na pumzi. Nyuma yangu, katikati ya kwato na pufu na minyororo, nilisikia kitu kidogo garini kikisema ta, na nikajua ni ile swichi imejifunga, na nyumba na gari vinakula sahani moja.

Tulizunguka uwanja ule sijui mara ngapi. Tulipowapumzisha maksai nilikimbia kuchungulia mlangoni. Ukutani kulikuwa na kipimo cha umeme wa betri, chenye mshale. Taa ilipokufa mshale ulikuwa umelala kabisa upande mwekundu. Sasa ulikuwa umeinuka. Dereva akabonyeza taa ndogo ya darini, ikawaka mchana kweupe, na watu wakapanga foleni, wazee na kina mama, kuingiza kichwa mmoja mmoja waione. Hakuna aliyetania. Niliitazama taa ile, nikawatazama ng'ombe wakitoa ulimi, nikaitazama tena. Nyasi walizokula jana malishoni zilikuwa zinawaka ndani ya kioo. Mimi nimesomea ualimu, nimefundisha sayansi kimu na kilimo, na nakiri kwamba nilipiga ishara ya msalaba.

Mama hakutaka kupumzika. Wakisimama, anauliza, "Imeshiba?" Dereva anajibu, "Bado kidogo, Bibi," na anajibu kwa adabu, bila utani. Jua lilipoanza kulegea ndipo akasema inatosha jicho moja na ziada. Gari likavutwa mpaka kwenye dirisha la darasa. Miguu ya mama ikaoshwa, uso ukaoshwa upya, dawa ikatiwa upya, sakafu ikanyunyizwa maji kuua vumbi.

Nilibaki nje ya dirisha. Taa iliwaka nyeupe, imetulia, haikutikisika. Niliona mikono ya daktari tu na miguu ya mama, ambayo haikusogea. Nyuma yangu maksai walikuwa wamelala chini na nira zao, wakicheua, na kijiji kizima kimekaa kati yao. Nilimwomba Mungu maombi ya kila namna. Daktari alipotoka, alinawa mikono kwanza, ndipo akasema, "Mwalimu, limekwenda vizuri." Nikakaa chini palepale kwenye tope la maji ya kunawa.

Petroli ililetwa siku iliyofuata, dumu moja. Daktari alingoja mpaka amfungue mama ndipo waondoke. Alimfungua asubuhi, barazani, akamvalisha ile miwani minene. Mama akafumba, akafumbua. Akanitazama mimi muda mrefu, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku.

"Umenenepa," akasema. "Na umeanza mvi. Hukuniambia."

Nilitaka kucheka, ikatoka vingine. Akanifuta kwa ncha ya kanga yake, akaitazama kanga yenyewe, akasema kweli ina maua ya njano. Kisha akauliza yuko wapi.

Tukajua anamwulizia nani. Baba mdogo akamleta yule mwekundu, bega limechubuliwa na nira. Mama alikuwa amemwacha kijana, na sasa uso wa maksai yule ulikuwa na mvi kuliko mimi. Akamsogelea kwa hatua za mtu asiyezoea kuona anapokanyaga. Akamshika pembe, akamgeuza kichwa upande wa kushoto, akainama karibu kabisa mpaka miwani ikataka kugusa. Akabaki hivyo.

"Huyu haoni," akasema.

Tukasogea. Katikati ya jicho la kushoto la ng'ombe yule kulikuwa na weupe, mzito, wa siku nyingi, sawasawa na ule niliouona kila siku kwenye macho ya mama. Jicho la upande ambao hakutaka kukata. Baba mdogo alikuwa amemfunga nira kila msimu. Mimi nilikuwa nimempita kila asubuhi nikienda shule. Tulikuwa na macho yetu yote.

"Alikuwa akiogopa," mama akasema. "Anaambiwa aende asipopaona, akisita anapigwa."

Baba mdogo akavua kofia. Daktari alitazama lile jicho, akatikisa kichwa taratibu, kwamba la ng'ombe hana namna. Mama akaweka kiganja juu ya jicho jeupe, na yule mnyama akatulia chini ya mkono wake.

"Shikamoo," akamwambia.

Mkubwa hamwamkii mdogo, na mtu hamwamkii ng'ombe, lakini hakuna aliyecheka, hata yule Mzaramo. Tangu siku hiyo yule mwekundu hakufungwa nira tena. Jioni mama ndiye aliyempeleka kunywa maji, akitembea upande wake wa kushoto.